Kaburi la Asukile Mwakalobo Katikati ya Buni

Marehemu Asukile Mwakalobo alizaliwa Machi 1904, Mwakaleli, mtoto pekee wa Jailos na Rozalia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1926 baba yake alifariki Mufindi, alikokwenda kupasua mbao, akazikwa hukohuko. Jambo hilo ndilo lililokuja kuitesa nyumba hii.

Alifanya useremala Iringa na Mbeya mjini, kisha mwaka 1931 akarudi kulima bonde alilopewa na wazee. Tarehe 9 Juni 1932 alifunga ndoa na Damari.

Jumapili alicheza bao na Jumbe Sedekia, ambaye kila akizidiwa hutangaza kwamba kanuni ya kete imebadilika. Damari alimuuliza mumewe kwa nini anacheza na mtu wa namna hiyo, tena kwa kicheko.

"Namsoma, Mama Anyitike," alijibu. "Tukiwa wawili hubadilisha apendavyo. Akishasema mbele ya watu, hujifunga mwenyewe."

Mwaka 1952 mlowezi mmoja alilitaka bonde lile. Jumbe akatangaza kwamba shamba lisilo na zao la kudumu litachukuliwa. Asukile akapanda buni. Buni iliposimama, kanuni ikawa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Asukile, Damari na watoto wakayachimba masika nzima, viganja vikachubuka. Matuta yalipokamilika, mwaka 1956, Jumbe alitangaza barazani, kijiji kizima kikisikia, kwamba shamba ni la yule ambaye mzazi wake amezikwa humo. Alijua vema Jailos amelala wapi, na kwamba Rozalia amelala makaburi ya kanisa. Familia ikaenda mahakamani, kesi ikaanguka. Familia ikaamriwa kuhama baada ya mavuno ya mwaka huu wa 1958.

Mwezi Mei Asukile alishikwa na nimonia. Alilazwa Mbeya, akaomba kurudishwa nyumbani, na huko alifariki tarehe 3 Agosti 1958. Kabla ya hapo alimwita mwanawe, Anyitike.

"Msinipeleke makaburi ya kanisa," alimwambia. "Nizikeni katikati ya buni. Mimi baba yangu yuko mbali. Wenu asiwe mbali."

Jana Jumbe alikuja msibani, akamvuta Anyitike pembeni, akamnong'oneza kwamba kanuni ile ya makaburi huenda ikatazamwa upya.

"Kesho watakuwepo wote, Jumbe," Anyitike alimjibu. "Uwaambie wao."

Wote wapo. Jumbe Sedekia yupo pia, kofia mkononi. Familia hii imepanda ilipoambiwa ipande na kuchimba ilipoambiwa ichimbe, na haiombi huruma ya mtu. Kama kanuni imebadilika tena, itamkwe sasa, shimo likiwa wazi. Asiyesema sasa asije baadaye na karatasi.

Marehemu ameacha mjane, Damari. Watoto Anyitike, Alinanuswe na Marta, na wajukuu. Kuanzia leo watoto hao wana mzazi aliyezikwa katika shamba hili.

Apumzike kwa amani, na asihamishwe.