Tharsisi Ndayikunda na Ndege Isiyokimbia

Ndugu, jamaa na majirani mliokanyaga matope haya kuja kumsindikiza mpendwa wetu, marehemu Tharsisi Ndayikunda alizaliwa Kitahana, Kibondo, tarehe 12 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, akimfuata kaka yake Kipriani, na tangu hapo, tuseme ukweli, akamwonea kijicho.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, akalima mihogo na maharage, na tarehe 7 Julai 1979 akafunga ndoa na Verediana wa Heru Juu, wakajaliwa watoto wanne. Kipriani alipopata kazi ya kupunga bendera na kufukuza mbuzi kwenye uwanja wa ndege wa Kasulu, mwaka 1988, marehemu alisusa kula kwa wivu, na roho yake haikutulia mpaka Machi 1995, alipoajiriwa Kibondo kulinda helikopta ya shirika la kuhudumia wakimbizi.

Kipriani akasema hiyo si ndege, maana ndege sharti ikimbie ndipo ipae. Marehemu akajibu kwamba yenye uwezo wa kupaa wima na kushuka wima ni ndege kuliko hizo zinazodai uwanja mrefu, na aliposikia redioni kuwa Ulaya ipo ndege ya kivita yenye mabawa inayofanya hivyo, nayo akaikubali, ila inayokimbia wakati wa kupaa ikaja kushuka wima aliiita nusu ndege. Kwa ubishi huo walinuniana hata Krismasi.

Februari 1998 ugonjwa wa ini ulimzidia akiwa hospitalini Kasulu. Tarehe 21 ndege ndogo ya kumpeleka Kigoma ilizunguka juu ya uwanja uliojaa maji ya mvua, ikageuza, Kipriani akabaki na bendera yake mkononi, ndipo helikopta ilipokuja kutoka Kibondo, ikatua wima mbele yake. Marehemu, akiwa kwenye machela, aligoma kupakiwa mpaka kaka yake atamke kwamba hiyo ni ndege, naye akatamka huku analia, akaambiwa arudie kwa sauti, rubani asikie.

Alifariki Kigoma tarehe 24 Februari, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Verediana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu na Kigoma, majirani waliobeba jeneza pale barabara ilipokatika, walinzi wenzake, na rubani. Kipriani, ambaye kwa miaka kumi amepokea ndege na hajapanda hata moja, ameomba tuseme mbele yenu kwamba sasa wivu ni wake.

Pumzika kwa amani, Tharsisi, safari hii umemtangulia.