Konokono na Dumu la Njano

Marehemu mwanetu, ambaye wengi mlio hapa mlimwita Konokono, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa pili wa marehemu kaka yangu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alichelewa kutembea. Mama yake alihangaika, lakini bibi yake alisema, "Mwacheni, bado anaitazama njia."

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza mwaka 1981. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wa mwisho alikuja kuwa ukubwani, tena kwa kupenda mwenyewe, nitafika huko.

Mwaka 1983 alianza kujifunza ufundi wa makochi kwa mjomba wake, kisha akafungua karakana yake mkabala na duka la dawa. Misumari aliishika mdomoni akifanya kazi, ndiyo maana wateja walidhani ni mkimya. Wangemsikia njiani!

Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1993. Asubuhi ya harusi alitoka kukimbia, "kidogo tu", akaingia ukumbini anachechemea. Mama mkwe akamnong'oneza binti yake, "Mwanangu, huyu tumepewa akiwa hivi?" Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na kijana.

Basi, mbio. Hakutafuta vikombe. Alizipenda zile ndefu kupita marathoni, za kutwa nzima milimani, yeye na wenzake watatu: mwoka mikate, nesi na kinyozi. Kinyozi walimpata njiani. Alikuwa amekaa chini mlimani, anatapika, anaomba afe. Konokono akaketi naye.

"Kufa utakufa, shemeji," akamwambia, na wala hawakuwa wanajuana, "lakini si kwenye mlima wa watu. Inuka."

Wawili hao walifika mwisho wa mbio mahema yameshavunjwa. Mwoka mikate na nesi walikuwa wamekalia dumu la njano la maji, midomo imekauka, kwa maana sheria yao ilikuwa moja: dumu halifunguliwi mpaka wa mwisho afike.

"Konokono, utatuua kwa kiu!"

"Ningewahi, ila njia ilikuwa tamu."

"Tamu mpaka kucha zimeng'oka?" akauliza nesi.

Tangu siku ile, kila mbio alibaki nyuma makusudi, akimtafuta aliyelemewa. Wenzake walivumilia kiu miaka yote hiyo, wakimtukana kwa mapenzi.

Agosti 2023 alianza kupungua mwili. Madaktari walikuta saratani ya kongosho. Wenzake wakaihamisha njia yao ya Jumapili ipite nyumbani kwake. Mwanzoni aliwasindikiza hadi langoni, baadaye akaishia mlangoni, mwisho akawa anainua mkono tu dirishani. Hawakunywa mpaka wauone huo mkono.

Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 2 Juni 2024, mkewe amemshika. Wenzake walipofika, pazia lilikuwa limefungwa. Dumu la siku ile ndilo hilo mnaloliona chini ya turubai. Kifuniko hakijaguswa mpaka leo. Nilimsihi mwoka mikate walifungue, akaniambia, "Baba, wa mwisho hajafika. Tutakunywaje?" Jibu lilikuwa kwa mke wa marehemu, aliyeachiwa maneno haya Jumamosi jioni, naye ameomba yasomwe mbele yenu nyote:

"Waambie safari hii nimetangulia. Wasikae na kiu kwa ajili yangu."

Ameacha mama yake mzazi, mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada yake, na hao watatu, ambao katika ukoo huu sasa ni ndugu. Karakanani ameacha kochi moja ambalo bado halijavishwa kitambaa.

Wanangu watatu, tukishamfukia, lifungueni dumu mnywe. Mwenzenu amefika. Naye apumzike kwa amani. Leo hana wa kumrudia nyuma.