Papa Kakule Paulin, Aliyekataa Kushuka Mavivi

Papa Kakule Paulin alizaliwa Kanyabayonga tarehe 12 Mei 1965, mtoto wa nne wa kiume, kama jina lake linavyosema. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaenda Butembo kwa mjomba wake kujifunza useremala. Daftari halikumpenda; mbao zilimpenda. Nusu ya vitanda vya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake, na hakuna hata kimoja kinacholia.

Alichelewa kuoa, hadi alipompata Kavira Rébecca wa Beni, kule mtaa wa Beu. Wakati huo vita vilikuwa vimefunga barabara. Butembo na Beni zikawa kama visiwa viwili: mtu alivuka kwa ndege, ama kwa miguu porini siku mbili. Muzee Manassé, baba wa Rébecca, alisema wazi: mbuzi wa mahari wasipofika Jumamosi, tarehe 18 Agosti 2001, Jumatatu familia yote inakimbilia Uganda, na Rébecca ndani yake.

Papa Paulin hakuwa amepanda ndege maishani. Alipakia mbuzi watatu, miguu imefungwa, na mama yake akamfungia fufu, ule ugali wa muhogo, na maharagi ya safari nzima. Kutoka Butembo hadi Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, ni kilomita hamsini hivi. Kwa ndege, robo saa. Hilo hakuna aliyemwambia. Ndege ilipotua, yeye akabaki ameketi.

« Papa, shuka, tumefika Beni, » rubani akamwambia.

« Beni gani? Hii hapana Beni! Tumepanda sasa hivi tu, hata chakula siyafungula. »

« Mais Papa, miye narudia Butembo! Ukibakia, tunarudi na mbuzi yako yote! »

Papa alizidi kukumbatia mbuzi, akiamini huyu anataka kumwibia mahari. Injini ikaanza kunguruma. Rébecca, aliyekuwa akingoja na baba yake kando ya uwanja, akasahau haya zote za mchumba, akakimbia, akachungulia mlangoni.

« Kakule, shuka. Umefika. »

Akashuka. Fufu ililiwa kwa baba mkwe, ingali moto. Muzee Manassé alicheka hadi machozi, na safari ya Uganda akaisogeza mbele. Tarehe 1 Septemba ndoa ikabarikiwa parokiani. Tangu hapo, ukimuuliza Papa umbali wa mahali popote, alijibu: « Mbele ya kufungula chakula, » yaani utafika kabla hujafungua chakula.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Hata hospitalini aliwatania wauguzi kwamba vitanda vyao vinapiga kelele. Asubuhi ya tarehe 3 Machi 2022, hapa Butembo, alimuuliza mkewe kama bado ni mbali. Mama Rébecca akamshika mkono.

« Hapana mbali, Kakule. Shuka. Umefika. »

Akatabasamu, akatutoka.

Ameacha mjane, Mama Rébecca, watoto watatu, Emérence, Séphora na Kitsa, wajukuu wawili, na vitanda visivyolia. Tunamlilia, na tunacheka pia, maana ndivyo alivyotulea.

Apumzike kwa amani huko alikofika, chakula chake kingali moto.