Dorotea Kavishe, Aliyewatafutia Watu Kwao

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Bi. Dorotea Kavishe anafunga droo yake kwa mara ya mwisho katika Kituo cha Kumbukumbu za Familia, Mtaa wa Parliament, Toronto, baada ya karibu miaka kumi na tisa ya utumishi. Upande wa Kiingereza wa programu hii ya kumuaga umeandikwa na mkurugenzi. Upande wa Kiswahili nimeachiwa mimi, Shelina, mzaliwa wa Tanga, kwa kuwa ndani ya jengo lile tulikuwa wawili tu wa kuongea lugha hii, na tuliongea haswa.

Alianza kazi Septemba 2000, akiwa na zaidi ya miaka kumi Kanada, akikaa St. James Town na binti yake Abigael, kwenye ghorofa za juu ambako lifti ilifanya kazi ikijisikia. Mwanzoni alipewa kazi ya kurudisha filamu za kumbukumbu, zenye picha za vitabu vya zamani, kwenye makabati. Haikupita miaka mingi akawa mezani anapokea wageni, na mwaka 2006 akakabidhiwa chumba kizima cha kusomea. Kwa wasiotufahamu, wageni wetu wengi ni wazee wa Kanada wanaotaka kujua mababu zao walitoka wapi, na wanaoongoza ni wajukuu wa Waairishi, maana mitaa inayotuzunguka ilijaa watu waliokimbia njaa kule Ireland katika karne ya kumi na tisa.

Mambo mawili tutayakumbuka hata tukizeeka. La kwanza ni jicho lake. Mgeni akiingia na kikombe cha kahawa, Dorotea alimtazama tu, na mgeni aligeuka mwenyewe kurudi mlangoni. Wakati huohuo chupa yake ya chai ya tangawizi ilikaa salama kwenye droo ya filamu za Wapresbiteri wa Scotland, na mkurugenzi hakuwahi kujua. Sasa anajua. La pili ni pole zake. Mtu akitaja kwamba bibi wa baba yake alifariki mwaka 1861, Dorotea alimpa pole, tena pole ya dhati, ameweka kalamu chini. Baadhi ya Wazungu walibaki wanashangaa. Wengine walitoa leso.

Katika kazi zake zote, iliyomweka roho juu ni ya Mzee Desmond Hogan.

Mzee Hogan, dereva mstaafu wa tramu, yale magari ya reli ya mitaani, alikuja kwetu mwaka 2005. Alikuwa akimtafuta Martin Hogan, babu wa baba yake, aliyevuka bahari mwaka 1847 akiwa kijana. Hakutaka cheti cha kutundika ukutani. Alitaka kufika kwenye nyumba aliyotoka Martin, asimame pale, aione. Na hapo kwenye kuiona ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaondoka taratibu, na daktari alikwisha kumwambia kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha. Alimwomba Dorotea wafanye haraka.

Kwa kweli mwanzo ulionekana mwepesi. Cheti cha ndoa cha Martin, kilichoandikwa hapahapa Toronto, kilisema ametoka Limerick. Sensa ikasema Limerick. Dorotea akaagiza filamu za parokia za Limerick, mji na vitongoji vyake, na kila Jumanne mzee alikuja na koti lake la tramu kuzipitia. Akina Martin Hogan walikuwapo, tena tele, lakini huyu baba yake siye, yule alikufa mtoto, mwingine hakuondoka maisha yake yote. Kipupwe kikapita, kikaja kingine. Mzee alianza kusoma pua ikigusa skrini. Baadaye akashindwa kabisa kusoma maandishi yale ya zamani, ikawa Dorotea anamsomea sikioni, jina kwa jina. Sote pale kituoni tulimshauri amwambie mzee wa watu ukweli, kwamba nyumba ile haipatikani. Alituitikia vizuri tu, kisha akaagiza filamu nyingine.

Februari 2007 tukapata msiba. Gelasius, fundi umeme, kijana wetu aliyejulikana na Watanzania wote wa Toronto kama Gela wa Dar, alianguka kazini na hakuamka. Watu wakajaa nyumbani kwake Crescent Town, viatu vikafika mpaka kwenye lifti. Akina mama wakashika jiko, wanaume wakashughulikia michango na ndege, kama ilivyo kawaida yetu popote tulipo. Ombeni, mwenyekiti wa jumuiya, aliposimama kutangaza safari ya mwili, alisema mazishi yatakuwa Ngara, huko mpakani. Watu wakaangaliana. Rafiki zake wa miaka mingi hawakuwa wamewahi kumsikia akiitaja Ngara. Ombeni akaguna, akasema hapa ugenini sote ni watu wa Dar, mpaka siku ya kufa.

Palichekwa kidogo, kama kwenye misiba watu wanavyocheka kwa kuchoka. Mimi nilikuwa nimekaa na Dorotea, na nilimwona hacheki. Alikuwa ameshika sahani ya pilau, bila kula, ameduwaa. Nilidhani ni majonzi.

Jumatatu alifika kazini kabla ya mlinzi. Alinieleza akiwa bado na kofia kichwani. Martin Hogan alipanda meli Limerick, basi. Toronto nzima ikimuuliza anatoka wapi, atataja mji ambao muulizaji angalau amewahi kuusikia. Nani angejihangaisha na jina la kijiji? Kwa hiyo tulikuwa tumemuuliza Martin akiwa hai, na Martin alitujibu kama sisi tunavyojibu. Ilibidi twende msibani kwake. Kama aliishi na watu wa kwao, lazima siku hiyo walipeleka habari nyumbani, na habari ya kifo huwezi kuituma Dar.

Akaacha vyeti vya ndoa na ubatizo, akafungua magazeti ya Wakatoliki wa Toronto ya miaka aliyozeeka Martin, upande wa matangazo ya vifo. Akampata mwaka 1890. Tangazo lilikuwa fupi, ila mwishoni waombolezaji waliyaomba magazeti ya Clare yalichape upya, ili ndugu zake wa Kilnabrone wapate habari. Clare ni kaunti nyingine kabisa, ng'ambo ya mto kutoka Limerick. Muda wote ule tulikuwa upande usio wake.

Dorotea alimwandikia padri wa Kilnabrone siku ileile. Baada ya Pasaka jibu likaja: nyumba inajulikana, imebaki magofu katikati ya malisho, na malisho ni ya akina Hogan, uzao wa kaka yake Martin. Jumanne hiyo Dorotea alimsomea mzee barua polepole. Mzee akaomba arudie. Aliposoma mara ya pili, wote wawili walikuwa wanalia.

Mzee alisafiri Mei, bado akiona pembeni mwa macho. Alirudi na kutuambia kwamba kuta zimebaki za kufika gotini, na kwamba ilimbidi ageuze kichwa ubavu ili aione sehemu ya mlango, lakini aliiona. Mwaka uliofuata akawa haoni tena. Mpaka alipofariki mwaka 2012 alipiga simu kila Mei kumsalimia Dorotea na kumsimulia mlango ule, na Dorotea aliusikiliza upya kila mara.

Tangu hapo, mgeni akikwama, kituo chetu kinaanza na msiba: nani walikuja, nani walipelekewa habari. Tumewafikisha wengi makwao kwa njia hiyo, na vijana tunaowafundisha leo wanadhani ilikuwako tangu zamani.

Ila yeye mwenyewe hakutulia. Mwaka 2013 mjukuu wake Benedicta alirudi kutoka shule akifurahi kwamba amebandika nyota kwenye ramani, mahali bibi alikotoka. Alikuwa ameibandika Dar es Salaam. Mtoto hakukosea, ndivyo alivyosikia, na ndivyo alivyosikia mama yake aliyezaliwa huko Dar. Dorotea alinipigia simu jioni ile, na sauti haikuwa ya yule mwanamke wa jicho. Alisema anaogopa. Fomu zote alizojaza tangu atue nchi hii, za uhamiaji, za kazi, za hospitali, zinasema Dar, mji alioishi miaka michache tu akisubiri ndege. Alisema siku moja mtoto wa mtoto wa Benedicta atakaa kwenye kiti cha Mzee Hogan akimtafuta Dorotea Kavishe, na hatampata.

Desemba 2014 aliwachukua Abigael na Benedicta akawapeleka Rombo, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo, migombani, akawaonyesha makaburi na kuwataja waliolala pale. Abigael, mtu mzima, alimuuliza kwa nini hakuwahi kuwaleta. Anasema aliwakatia ndizi.

Bi. Dorotea, unapostaafu na kurudi Rombo, tunakushukuru kwa niaba ya kituo, na kwa niaba ya watu wengi wanaojua walikotoka kwa sababu yako. Afya iwe njema, magoti yakubali mlima, na Benedicta akufuate kila likizo. Nimeuona upande wa Kiingereza wa programu hii. Unasema umetoka Dar es Salaam, na umekwisha kuchapwa. Basi atakayekutafuta baada ya miaka mia asome upande huu: Dorotea, binti Kavishe, wa Mashati, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Nenda nyumbani salama, dada. Tumepaandika.