Nesi Aliyedai Sheria ya Helmeti

Ndugu waombolezaji, mama yetu Verna Bjerke alizaliwa tarehe 14 Mei 1926 katika shamba la ngano la wazazi wake hapa Elvrum, akasoma shule ya hapa hapa, akahitimu uuguzi mwaka 1947, na kuajiriwa katika wodi ya majeruhi, alikofanya kazi hadi kustaafu. Mwaka 1950 alifunga ndoa na Arne Bjerke, fundi wa matrekta, wakajaliwa watoto wawili, mimi Solveig na mdogo wangu Leif.

Kila Januari, bunge la jimbo letu lilipofungua kikao, Mama alikwenda kuwaomba wabunge wawalazimishe waendesha pikipiki kuvaa helmeti, kwa kuwa waliopasuka vichwa aliwapokea yeye, nao wakamcheka, mmoja akimwambia, "Nesi, rudi wodini, mwanamume wa huku havalishwi kofia kama kichanga," naye akamjibu, "Basi njoo wodini, mheshimiwa, unisaidie kuwavua viatu wanaume hao wakifa."

Ndipo serikali kuu ya Marekani kule Washington ikatangaza kwamba jimbo lisilo na sheria hiyo litapunguziwa fedha za barabara, na mwaka 1967 wabunge wale wale wakaipitisha asubuhi moja, bila hata mjadala, Mama akarudi nyumbani amenuna, akamwambia Baba, "Hawajaogopa vifo, Arne, wameogopa kukosa lami," lakini majeruhi wakapungua.

Mwaka 1976 Washington ikaondoa tishio lake, mwaka uliofuata jimbo letu likaifuta sheria kwa watu wazima, wabunge wakipiga makofi, na tarehe 3 Juni 1979 Leif, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili, akaanguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akaletwa kwenye wodi ya mamake, katika zamu ya mamake, akafia pale.

Mama hakulia mbele ya watu, alikasirika, na hasira hiyo akaipeleka bungeni kila Januari, wakimpa pole na kahawa, wakimwambia, "Mama Bjerke, Washington ikitubana tena, tutapitisha," mpaka saratani ya kongosho ilipomlaza Oktoba iliyopita, ikamwondoa juzi, Alhamisi tarehe 6 Januari 1994.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani waliotuletea chakula na kutuzolea theluji mlangoni. Wabunge nao wametuma shada la maua, liko nje kwenye baridi, atakayelitaka alichukue. Lala kwa amani, Mama. Kikao kinafunguliwa Jumanne, nami nitakuwa mlangoni kwao kabla hawajafika.