Ulimi Umeamka

Fundi cherehani alikaa nyuma ya muuguzi na mzee mmoja kwenye basi, na masikio hayana pazia. Muuguzi alikuwa akimsimulia mzee wa kiti cha jirani, mtu asiyemjua hata kidogo, habari za sandwichi mpya ya kuku wa pilipili.

"Tangu niugue, baba, kila chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Leo nimeuma mara moja tu, ulimi ukawaka moto, nikalia mbele za watu!"

"Sasa kulia ndiyo sifa?"

"Ndiyo, baba! Ladha imerudi!"

"Hiyo si ladha, mwanangu, ni adhabu."

"Basi kesho naadhibiwa tena!"

Basi likasimama. Muuguzi akashuka, midomo imevimba, akicheka peke yake. Mzee alikuwa bado anabisha. Fundi akameza mate.