Albamu ya Chumba cha Mahindi

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa. Ndaga, ndugu zangu wa Mbeya. Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu.

Leo tunamkumbuka Anyitike Sedekia, mpiga tarumbeta wa Ilula. Alifariki mwezi uliopita. Ameacha mke, binti mmoja, Goodness, na albamu ya nyimbo tisa za jazi aliyoirekodi mwenyewe, nyumbani kwake, akipiga kila chombo peke yake. Ni albamu yake ya kwanza. Nyingine hakuna.

Haya nitakayosema nimeyapata kwa mke wake, Verediana, na kwa dada yake, Tupokigwe. Wote wawili wamekubali niyasimulie. Nitayasema taratibu.

Anyitike alizaliwa milimani, nje ya jiji la Mbeya, kwenye mashamba ya viazi na njegere. Baba yake, Mzee Sedekia, ni mwalimu wa bendi ya matarumbeta ya kanisa. Bado yuko hai, na bado anafundisha. Kwa Wamoraviani wa kule, ibada ya Pasaka huanzia makaburini, kabla jua halijatoka. Ukungu unakuwa umekaa chini. Watu wanasimama karibu na ndugu zao waliotangulia, na bendi inapiga tenzi mpaka kunakucha.

Mwaka aliofariki mama yao, Anyitike alikuwa kijana wa bendi. Pasaka ikafika. Wakasimama kwenye kaburi la mama. Utenzi ulipofika ubeti wa pili, Anyitike akauacha. Akaenda pembeni na sauti yake mwenyewe, akapanda, akashuka, akazunguka, kisha akarudi kwenye utenzi pale wenzake walipokuwa wamefika. Tupokigwe alikuwepo. Anasema hakuna aliyeelewa kilichotokea, lakini shangazi yao alikaa chini kwenye nyasi zenye umande.

Mzee Sedekia alingoja ibada iishe. Akamwambia mwanawe, "Makaburini hatuongezi kitu." Tarumbeta lilikuwa mali ya kanisa. Mzee akalipangusa, akalirudisha kwenye sanduku, akafunga. Hakupiga kelele.

Anyitike akahamia mkoa wa Iringa. Akapata kazi kwenye mashine ya kusaga hapo Ilula, akamwoa Verediana, Mhehe wa Kalenga, muuza nyanya wa barabarani. Yeye na baba yake hawakugombana. Walipigiana simu kila Jumapili. Waliulizana mvua. Waliulizana viazi, na miguu ya mzee, na shule ya mtoto. Muziki hawakuutaja. Miaka yote hiyo, wasikilizaji, hawakuutaja.

Jazi alikutana nayo kwenye simu. Siyo ile ya bendi za dansi ambayo wazazi wetu waliicheza. Ni ile ambayo mpigaji anaanza na wimbo, anauacha, anatembea pembeni, halafu anarudi. Siku ya kwanza kuisikia alimpigia dada yake.

"Tupo, kumbe ule ugonjwa wangu una jina."

"Ugonjwa gani tena?"

"Ule wa makaburini."

Akanunua tarumbeta lililokwishatumika. Akaazima gitaa la besi, akapata kinanda kidogo na maiki moja. Mchana kutwa alisikia mashine ya kusaga. Jioni alitaka kimya. Lakini mnaoijua Ilula mnajua. Nyumba yao iko karibu na barabara kuu, na malori yanashuka yakipiga breki. Kimya hakipo.

Kilikuwepo sehemu moja tu. Chumba cha mahindi.

Wengi wetu tunacho chumba hicho. Mavuno yakiingia, magunia yanapangwa ukutani, mstari juu ya mstari, mpaka karibu na dari. Anyitike aligundua kwamba magunia yanakula sauti. Ukiingia katikati yake na kufunga mlango, lori halisikiki. Mwangwi haupo. Akayapanga upya, akaacha nafasi ya kiti kimoja. Dirisha akalikinga kwa godoro. Hiyo ndiyo studio. Narudia, kwa sababu watu wananiuliza studio ile ni ipi: ni chumba cha mahindi, nyumbani kwake, Ilula.

Alirekodi sauti ya kwanza ya tarumbeta. Kisha akavaa spika za masikioni, akaisikiliza, akapiga sauti ya pili juu yake. Kisha ya tatu. Kisha besi na kinanda. Mtu mmoja, kwenye kiti kimoja.

Shida ilikuwa kwamba studio ile ilikuwa inaliwa. Verediana alinisimulia, na hapa ndipo pekee alipotabasamu.

"Aliniambia, 'Mama Goodness, usianze na gunia la dirishani.' Nikamuuliza nianze na lipi. Akasema la mlangoni. Nikamwambia, la mlangoni si ulisema juzi lisiguswe? Akafikiri weee. Akasema, 'Basi tule wali.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia wali wa shamba gani, Baba Goodness? Au nikupikie hilo tarumbeta?"

Wakala mahindi, kama watu wote. Ukuta ukashuka. Ukisikiliza albamu ile kwa mpangilio wake unasikia jambo hili. Wimbo wa kwanza uko karibu sana, kama mtu amekusogelea sikioni. Wimbo wa tano una nafasi kidogo. Wimbo wa saba una mwangwi, na mwishoni kuna lori linashuka. Alijaribu kujaza magunia pumba za mashineni. Wakaja panya. Akaacha, akasubiri mavuno mengine.

Tupokigwe alimsihi asisubiri.

"Mtumie baba hata wimbo mmoja kwenye simu."

"Hiki siyo kitu cha kutuma, dada. Nitampelekea mwenyewe. Nikae mbele yake mpaka nyimbo ziishe zote."

"Na akikasirika?"

"Akasirike nikimwona."

Hilo ndilo alilolitaka, wasikilizaji wapendwa. Sijasikia kutoka kwa yeyote kwamba alitaka jina, au jukwaa, au kuja hapa redioni. Alitaka baba yake akae chini, asikilize nyimbo tisa mpaka mwisho, na yeye awepo.

Mwaka huu mavuno yakaingia. Ukuta ukapanda tena. Wimbo wa nane akaumaliza mapema. Ni ule utenzi wa Pasaka, alivyoupiga siku ile kwenye kaburi la mama yake. Ukabaki wimbo mmoja. Akampigia baba yake.

"Baba, Jumamosi nakuja. Nina kitu nakuletea."

"Kitu gani?"

"Utakisikia."

Mzee akauliza kama mvua zimeanza huko Ilula. Lakini alipokata simu, alimwambia Tupokigwe afagie sebule na atoe mashuka safi.

Wiki hiyohiyo wadudu wa dumuzi waliingia kwenye mahindi. Unga ulianza kudondoka chini ya magunia. Verediana akanunua vidonge vya kufukizia, akaviweka, akafunga mlango. Vidonge hivyo hutoa gesi. Gesi hiyo huua wadudu. Huua na mtu.

Alimwambia mume wake, "Mlango huo usifunguliwe mpaka nikwambie."

Akajibu, "Sawa, mama."

Ilikuwa Alhamisi. Verediana akaenda barabarani na nyanya zake. Anyitike akarudi mapema kutoka mashineni. Akafungua mlango. Akaingia, akakinga dirisha kwa godoro kama kawaida yake, akafunga.

Verediana alimkuta amekaa nje, ameegemea ukuta, anatapika. Alilalamika kifua. Majirani wakamkimbiza kwenye kituo cha afya. Alifariki jioni ile, kabla jua halijazama.

Sina namna nyingine ya kulisema. Nimejaribu.

Wakamsafirisha Mbeya. Alifika kwao siku ileile ya Jumamosi. Akazikwa pembeni ya mama yake. Bendi ilipiga, na Mzee Sedekia alipiga pamoja nayo, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Waliokuwepo wanasema hakukosea popote. Verediana hakulia. Aliniambia, "Watu walikuwa wananitazama. Mimi nikawa napika chai. Nikimaliza sufuria moja naweka nyingine. Mpaka leo bado sijalia, dada yangu. Ninapika tu chai."

Baada ya waombolezaji kuondoka, alimkabidhi Tupokigwe flashi yenye nyimbo zote. Akamwambia ampelekee baba.

Kwa wasikilizaji wasiojua, nieleze kidogo. Wanyakyusa, watu wa kina Anyitike, wana desturi ya heshima kati ya mke na baba mkwe wake. Wazee bado wanaishika. Hawakai chumba kimoja. Hawatazamani. Hawaongei ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Verediana ni Mhehe, lakini aliishika desturi hiyo tangu siku aliyoolewa. Hakuwahi kumwambia mzee neno hata moja. Hiyo siyo chuki. Ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo mzee alikaa sebuleni, kwenye kiti chake, na spika ndogo mezani. Verediana alikaa jikoni, nyuma ya ukuta, mlango ukiwa wazi kidogo. Tupokigwe alisimama mlangoni, katikati yao.

Zikapigwa nyimbo za kwanza. Mzee aliiweka kofia yake gotini. Wimbo wa nne ulipoisha, akageuza kichwa.

"Tupokigwe, muulize mwenzako. Sauti ya pili anapiga nani?"

Tupokigwe akauliza. Verediana akajibu kutoka jikoni, "Ni yeye."

"Ni yeye, baba."

"Na hiyo ya tatu?"

"Anasema ni yeye."

"Besi?"

"Zote ni yeye, baba. Hakuwa na mtu."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka. Akaashiria waendelee.

Wimbo wa nane ukaja. Aliujua kabla haujamaliza mstari wa kwanza. Ubeti wa pili ukafika, na tarumbeta likaenda pembeni, likapanda, likashuka, likazunguka. Tupokigwe anasema alimtazama baba yake mikononi, kwa sababu usoni hakuweza. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza kofia. Vilikuwa vinamfuata mwanawe, noti kwa noti, pembeni kule alikokwenda. Wimbo uliporudi kwenye utenzi, vidole vikasimama.

Ukabaki wa tisa. Verediana akasema kwa sauti ya chini, "Tupo, zima. Huo umerekodiwa siku ile."

Mzee akasikia. "Acha uishe," akasema.

Wimbo wa tisa ni mfupi. Una tarumbeta peke yake, sauti ya kwanza tu. Unaenda taratibu, na baada ya kila mstari kuna nafasi. Nafasi ile aliiacha makusudi, aje aijaze kwa sauti ya pili. Hakuijaza. Mwishoni linasikika tarumbeta likiwekwa juu ya gunia, mtu anakohoa, na mlango unafunguliwa.

Tupokigwe alingoja baba yake ampe neno la kupeleka jikoni. Hakumpa. Mzee Sedekia aligeukia mlango ule uliokuwa wazi kidogo, akamsemesha mkwe wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mama Goodness," akasema, "kwa nini hakuniita nimshikie sauti ya pili?"

Tupokigwe anasema hakujua aangalie wapi. Jikoni chai ilikuwa inachemka na kumwagika motoni, hakuna aliyeiondoa. Kisha Verediana naye akamjibu mzee mwenyewe.

"Alikuwa anakuja, baba. Alitaka amalize kwanza."

Hayo ndiyo waliyosemezana. Mzee aliomba maji ya kunywa. Tangu hapo hajaulizia tena albamu ile, na hajakataza isipigwe.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa kituoni, natoa pole kwa Verediana na binti yake Goodness, kule Ilula. Pole kwa Tupokigwe. Pole kwako, Mzee Sedekia. Najua redio yako iko wazi, maana nimeambiwa uliulizia saa ya kipindi hiki. Mungu awape pumziko la moyo, kila mmoja kwa wakati wake.

Kwa sisi wengine nina maneno mawili tu. La kwanza, chumba chenye mahindi yaliyofukizwa siyo cha kuingia mtu, hata kwa dakika moja, hata kwa jambo lililobaki kidogo tu. Tufunge, tuweke alama, na watoto tuwaambie. La pili nalisema kwa aibu kidogo, kwa kuwa mimi ni mdogo kwa wengi wenu. Pengine kuna kitu unakitengeneza kwa ajili ya mtu fulani, na unangoja kikamilike ndipo umpelekee. Leo jiulize huyo mtu angependa kukipokea kikiwa tayari, au angependa umwite mkimalize pamoja. Sina jibu. Jiulize tu.

Familia imeamua wimbo wa tisa ubaki kama alivyouacha. Mtasikia tarumbeta moja, na baada ya kila mstari mtasikia kimya. Msidhani redio zenu zimeharibika, na msibadilishe kituo. Tusikilize.